Modemu ya kipima maji ichaguliwe kwa ajili ya usiku wa mvua, si siku ya uzinduzi

Uvira, Kivu Kusini – Katikati ya Aprili 2020, mvua kubwa ilinyesha kwenye milima iliyo juu ya mji wa Uvira, na mto Mulongwe ukatoka katika njia yake. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka ao kujaa matope, na familia nyingi sana zikalala nje. Miaka mitatu baadaye, tarehe 4 Mei 2023, mito ya Kalehe ilifagia vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, na zaidi ya watu 400 walipoteza maisha. Mahali pote pawili maji yalitoka milimani, kule ambako mvua inaanza kunyesha mbele ya watu wa chini kujua kitu.

Kila kisha msiba wa namna hiyo, wazo moja linarudi katika mikutano ya kata, katika mashirika ya kiraia na katika ofisi za wafadhili: tuweke vipima maji kule juu, ili wakaaji wa chini wapate hata nusu saa ya kukimbia. Wazo ni zuri. Kazi yenyewe haiko ngumu kama watu wanavyofikiri. Lakini kuna kifaa kimoja kidogo, kinachotosha ndani ya kiganja, ambacho kinaweza kuharibu mpango wote: modemu, ile sehemu inayobeba kadi ya SIM na kuongea na rezo ya simu.

Mambo yanakwenda namna hii. Chini ya daraja kinafungwa kihisi, ambacho mafundi wengi wa huku huita kapta. Kinapiga sauti ambayo sikio halisikii, sauti inagonga maji na kurudi, na kwa kuhesabu muda wa safari hiyo kihisi kinajua maji yako umbali gani. Kisha kinatuma namba hiyo kwa redio ndogo ya LoRa, ambayo inaweza kufika kilometa kadhaa kwa batri ndogo tu. Namba inapokelewa na kisanduku kinachoitwa lango, kilichofungwa juu ya paa la shule ao mnara wa kanisa. Lango moja linaweza kusikiliza vihisi vingi. Toka kwenye lango, habari inapita kwa modemu, inaingia katika rezo ya simu, na kufika kwa wale wanaopaswa kuamsha mji.

Vihisi vyote vinane, kumi ao ishirini vinatokea kwa mlango huo mmoja. Mlango ukifungwa, mto unaweza kupanda mita mbili na hakuna simu itakayolia.

Swali linaloulizwa vibaya

Fedha zinapopatikana, swali la kwanza sokoni linakuwa: je, ni ya 4G? Muuzaji anajibu ndiyo, tena anaonyesha yenye mwendo mkubwa zaidi, megabiti 150 kwa sekunde, yenye antena nne na Wi-Fi ndani. Siku ya uzinduzi kisanduku kinang'aa, kiongozi anakata utepe, namba za mto zinaonekana kwenye simu, watu wanapiga makofi. Miezi sita baadaye kisanduku kimelala, na hakuna anayejua kimelala tangu siku gani.

Kosa liko katika mpangilio wa maswali. Mtu anayenunua gari la kubeba mihogo kutoka Lemera hatangulii kuuliza linakimbia namna gani. Anauliza mzigo ni kilo ngapi, barabara ikoje, mafuta yatatoka wapi. Kwa modemu ya kipima maji, maswali ni yale yale: itabeba mzigo gani, itapita rezo gani, itakula umeme wa wapi, na nani atalipa mega mwaka wa pili, wakati mfadhili amekwisha kwenda. Mwendo wa 4G unakuja nyuma ya hayo yote.

Mzigo wenyewe ni mdogo kuliko watu wanavyodhani

Tuseme kuna vihisi vinane kwenye mito ya Mulongwe, Kalimabenge na Kanvinvira. Kila kimoja kinatuma namba kila dakika 10, yaani mara 144 kwa siku. Vyote pamoja ni ujumbe 1,152 kwa siku. Namba yenyewe haifiki baiti 20, lakini lango linaifunga ndani ya bahasha: saa, nguvu ya redio, jina la kihisi, anwani. Hata tukihesabu baiti 500 kwa kila ujumbe, jumla haifiki mega 0.6 kwa siku. Kwa mwezi ni chini ya mega 18. Kijana anayetazama video chache kwenye simu anamaliza mega hizo mbele ya chai kupoa.

Lakini hapo kuna mtego ambao wengi hawauoni. Programu ya lango ya Semtech, ambayo malango mengi ya LoRa yanatumia, imepangwa tangu kiwandani kupiga hodi kwa seva kila sekunde 10, kusema tu kwamba iko hai. Ni hodi 8,640 kwa siku. Kila hodi na jibu lake ni baiti karibu 72, na kwa siku inakuwa mega 0.6 nyingine. Juu yake kuna ripoti ya hali ya lango kila sekunde 30, ambayo inaongeza karibu mega 0.9. Kwa hiyo salamu na ripoti zinakula zaidi ya habari za mto wenyewe. Jumla inapanda kufikia mega 60 hivi kwa mwezi.

Fundi anayejua kazi anafungua mipangilio, anaweka hodi kila sekunde 30 na ripoti kila dakika 5, na mzigo wote unashuka karibu na mega 26 kwa mwezi. Hafuti hodi kabisa. Rezo ya simu haimpi mteja anwani yake peke yake, na kampuni inafunga njia inayokaa kimya muda mrefu. Mtu wa nje hawezi kulipigia lango. Ni lango lenyewe linalopaswa kuanza mazungumzo. Hodi ndiyo inaacha mlango nusu wazi.

Sasa tulinganishe mzigo huo na barabara. Ile 2G ya zamani, ambayo simu inaionyesha kwa herufi E, hata ikiwa inabeba kilobiti 20 tu kwa sekunde, itamaliza mzigo wa siku nzima, pamoja na hodi zake zote za kiwandani, kwa chini ya dakika 15. Siku ina dakika 1,440. Megabiti 150 zilizolipiwa kwa bei kubwa hazina kazi pale.

Hesabu inabadilika mradi ukitaka picha. Picha moja ya kilobaiti 100 kila dakika 15 ni mega 9.6 kwa siku, karibu mega 290 kwa mwezi. Kwa 2G dhaifu, picha moja itachukua sekunde 40 ao zaidi. Na mtu akitaka video ya moja kwa moja, hata ile ya megabiti 1 tu kwa sekunde inameza mega 450 kila saa. Basi mradi uamue mbele ya kununua: je, picha ya mto itaokoa mtu ambaye namba haikumwokoa? Saa nane za usiku, kamera ya kawaida inaona giza. Kipima sauti kinafanya kazi gizani sawa na mchana.

Rezo ipimwe pale pale mlimani

Mjini kati, simu inaonyesha 4G. Mtu akipanda kuelekea vijiji vya juu, herufi zinabadilika moja moja: 4G inakuwa H, H inakuwa E, kisha inabaki alama ya kutafuta. Lango halitakaa ofisini. Litakaa pale ambako linasikia vihisi na pia linasikia mnara wa simu, na mahali hapo ndipo papimwe. Simu ya kawaida inatosha kwa kuanza. Katika mipangilio yake kuna ukurasa unaoonyesha nguvu ya rezo kwa namba zenye alama ya kutoa. Kwa 2G, namba ya kutoa 70 ni nzuri, kutoa 100 ni dhaifu, na kutoa 110 ni kubahatisha. Kipimo cha 4G kinasomwa kivyake, basi namba za rezo mbili tofauti zisilinganishwe kama bei za duka moja. Fundi apime asubuhi, apime usiku, apime wakati mvua inanyesha, na apime kwa kadi za kampuni zote zinazofika pale.

Kisha kupima ndipo aina ya modemu inachaguliwa. Ile ya megabiti 150 inaitwa 4G ya kundi la 4. Iko kundi lingine, la 1, ambalo linashusha megabiti 10 na kupandisha megabiti 5 kwa sekunde. Ni 4G pia, lakini ya bei ndogo na yenye kula umeme kidogo. Kwa lango la mto, hata hiyo inazidi mahitaji. Kitu cha lazima ni kwamba modemu hiyo iweze kushuka yenyewe kwenye 2G wakati 4G inapotea, kisha kurudi yenyewe bila mtu kupanda mlima. Ziko modemu za 4G ambazo hazina 2G ndani kabisa, na kwenye tangazo haiandikwi kwa herufi kubwa.

Hapo hata herufi moja inaweza kutupa pesa ya watu. Kampuni ya Quectel, kwa mfano, inatengeneza modemu ya kundi la 1 inayoitwa EC21. Yenye jina EC21-E ilitengenezwa kwa masafa ya Ulaya na Afrika, na ina 2G ya megahezi 900 na 1800 ndani yake. Yenye jina EC21-A ilitengenezwa kwa Amerika ya Kaskazini: masafa yake ni mengine, na 2G haina. Kwa macho zinafanana kama mapacha. Ndugu aliye Marekani akinunua lango kwa moyo mzuri na kulituma kwa ndege, inawezekana alete kisanduku ambacho hakitasikia mnara hata mmoja wa Uvira. Mbele ya kulipa, aombwe kusoma jina lote la modemu mpaka herufi ya mwisho.

Zipo pia rezo mpya zilizotengenezwa kwa ajili ya vifaa vidogo, zinazoitwa NB-IoT na LTE-M. Ni nzuri, zinakula umeme kidogo sana. Lakini hazifanyi kazi kwa sababu modemu inazijua; zinafanya kazi pale tu ambapo kampuni ya simu imeziwasha kwenye minara yake. Anayeziuza aonyeshe kwanza modemu yake ikishika rezo hiyo pale mlimani, kisha ndipo bei izungumzwe.

Wengine watasema: 2G inakufa, Ulaya wanaizima, kwa nini kununua kitu cha jana? Neno hilo lina ukweli, na ndiyo sababu modemu ya 2G peke yake, hata ikiuzwa dola chache, haipendekezwi kwa kazi ya miaka kumi. Lakini katika vijiji vingi vya Kivu, 2G ndiyo rezo ya kwanza kufika na ya mwisho kupotea. Modemu ya kundi la 1 yenye 2G ndani inajibu pande zote mbili: leo inaongea kwa E, na siku mnara ukipata 4G itaongea kwa 4G bila mtu kubadilisha kitu.

Umeme, minara na mpaka

Mvua ndiyo inaleta mafuriko, na mvua hiyo hiyo ndiyo inaficha jua. Basi lango la mto linahitaji umeme zaidi katika siku ambazo pano ya jua inatoa kidogo. Lango dogo lenye modemu ya kiasi linakula karibu wati 4. Kwa siku ni wati-saa 96, yaani ampea-saa 8 kwa batri ya volti 12. Kwa siku tatu za mawingu ni ampea-saa 24. Batri ya risasi haipaswi kumalizwa zaidi ya nusu, basi inahitajika ya ampea-saa 50 hivi. Mtu akichagua ruta kubwa ya wati 8, batri inakuwa ya ampea-saa 100, pano inakuwa mara mbili, na jicho la mwizi nalo linakuwa mara mbili. Antena ya setelaiti ya aina ya Starlink, ambayo wengi wanaitaja siku hizi, inakula makumi ya wati. Inafaa kwa hospitali ao shule yenye jenereta. Kwa daraja la mlimani ni mzigo mwingine kabisa.

Kuna pia jambo la waya. Modemu ya 2G inapotuma, inavuta umeme kwa vipande vya ghafla vinavyoweza kufikia ampea 2. Waya ukiwa mwembamba ao mrefu, volti inaanguka na modemu inazimika kila inapojaribu kusema. Fundi atadhani rezo ni mbaya, atabadilisha kadi, atabadilisha antena, na tatizo litabaki kwenye waya wa bei rahisi.

Kadi mbili za kampuni mbili ni shauri zuri, lakini zichunguzwe. Katika Congo minara mingi ni ya kampuni zinazopangisha, kama vile Helios Towers, na mnara mmoja unaweza kubeba antena za kampuni mbili ao tatu. Mafuta ya jenereta yakiisha kwenye mnara huo, kadi zote mbili zinakufa kwa dakika moja. Kadi ya pili iwe ya kampuni ambayo inafika pale kwa mnara mwingine.

Na Uvira ni mji wa mpaka. Ng'ambo ya ziwa iko Bujumbura, na simu nyingi karibu na Kavimvira hujikuta zimeshika rezo ya Burundi bila mwenyewe kutaka. Mtu anaona, anakasirika, anabadilisha. Lango haliwezi kukasirika. Likishika rezo ya nchi jirani litamaliza unite kwa bei ya mgeni, ao litakaa kimya likisubiri ruhusa isiyokuja. Kwa hiyo ruhusa ya kuhamia rezo ya nje ifungwe ndani ya modemu siku ya kwanza. Wakaaji wa Goma walio karibu na Gisenyi wanalijua tatizo hilo hilo.

SMS kwanza

Mipango mingi inaweka akili yote kwenye seva: lango linatuma namba, seva iliyo mbali inaamua kama ni hatari, kisha inatuma onyo. Njia hiyo ina viungo vingi, na kila kiungo kinaweza kukatika usiku. Ni afadhali lango lenyewe lipewe sheria rahisi: maji yakipita alama fulani, tuma SMS mara moja kwa mkubwa wa kata, kwa mlinzi wa daraja, kwa redio ya jamii, kwa Msalaba Mwekundu na kwa mtu mmoja katika kila mtaa wa chini. SMS haihitaji mega. Inapita hata pale ambapo intaneti inakataa, na rezo ikiyumba, kampuni inajaribu tena kuifikisha. Herufi 160 zinatosha kusema mto gani, umepanda kiasi gani na saa ngapi.

Kwa hiyo modemu inayochaguliwa iwe na uwezo wa kutuma SMS kwa amri ya lango, na kadi iwe na unite za SMS, si forfe ya intaneti peke yake. Ruta nyingi za nyumbani zinauzwa kwa kusifu mwendo wake, na kwenye kazi hii ya SMS ni dhaifu ao haziiwezi. Lango pia liwe na kumbukumbu ya kushika namba wakati rezo haipo, na saa ya ulinzi inayokata umeme wa modemu na kuuwasha tena ikikwama, kwa sababu modemu zote hukwama siku moja.

Nani atalipa mega?

Hapa ndipo Goma ina fundisho ambalo Uvira haipaswi kulisahau. Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, kilikuwa na vifaa vyake vya kuangalia mlima Nyiragongo. Mwaka 2020 msaada wa Banki ya Dunia ulifika mwisho, na kwa miezi kadhaa kituo hakikuwa na pesa ya intaneti ya kupokea habari kutoka vituo vyake vya mbali. Intaneti ilirudi Aprili 2021. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na lava ikafika mpaka pembeni ya mji. Haki inadai kusema pia kwamba watafiti walioandika katika jarida la Nature mwaka 2022 walionyesha kuwa mlipuko huo ulikuja karibu bila dalili za mbele, basi hakuna anayeweza kuapa kwamba intaneti peke yake ingebadilisha usiku ule. Lakini mji wenye volkano mlangoni ulikaa miezi bila kusikia vizuri mlima wake, na sababu ilikuwa bili.

Kituo kikubwa chenye jina duniani kikipatwa na hayo, kamati ya kata yenye sanduku la michango itapatwa upesi zaidi. Mega 26 kwa mwezi ni pesa ndogo. Hatari iko katika udogo wake: kwa sababu ni kidogo, kila mtu anadhani mwingine amelipa. Kisha kadi isiyotiwa unite kwa muda mrefu inafungwa na kampuni, na namba inaweza kupewa mtu mwingine. Kuifufua kunahitaji mtu ambaye jina lake liko kwenye kadi. Ikiwa iliandikishwa kwa jina la kijana wa kujitolea aliyehamia Lubumbashi, kazi imekwisha.

Basi kadi iandikishwe kwa jina la shirika lenye karatasi, na si kwa jina la mtu. Pesa ya miaka mitatu ya mega na SMS iwekwe pembeni mbele ya kununua kifaa, hata kama italazimu kununua vihisi sita badala ya vinane. Na kila Jumatatu lango litume SMS moja ya salamu kwa watu wawili. Jumatatu ikipita bila salamu, watu hao wawili wanajua lango limelala, na wanajua tangu wiki gani.

Jambo moja zaidi, ambalo fundi kutoka nje hawezi kulijua. Katika milima ambako watu wenye silaha wanapita, kisanduku chenye antena na taa ndogo kinaweza kuitwa kifaa cha upelelezi. Machifu, wakubwa wa vijiji, idara ya usalama na wakaaji wenyewe waelezwe mbele, waguse kifaa, waone namba ya mto ikitokea kwenye simu. Kisanduku kidogo chenye pano ndogo kinaelezeka kwa urahisi zaidi kuliko mnara wa vyuma wenye antena nne. Na mtoto wa kijiji anayejua kwamba kile kitu kinalinda bibi yake kule chini atakuwa mlinzi bora kuliko kufuli.

Jaribio mbele ya kulipa

Wafadhili wana haki ya kutaka kitu kinachoonekana, na viongozi wana haki ya kukata utepe. Lakini kamati ya kata nayo ina haki ya kukataa kutia sahihi mpaka kifaa kijaribiwe kwa namna ya mto. Jaribio ni rahisi na halihitaji injinia. Usiku wa mvua, saa nane, bila kumwambia fundi, watu wawili washuke kwenye daraja na ubao. Wauinue ubao chini ya kihisi, pole pole, kama maji yanavyopanda, mpaka upite alama ya hatari, kisha waushike pale kwa dakika 15.

Simu tano zikilia mjini, kamati itie sahihi asubuhi. Zisipolia, fundi arudi na sanduku lake, hata kama limeandikwa 4G kwa herufi za dhahabu.